Uzoefu wangu: St. Paul's Chapel, New York, na makaburi ya Waafrika

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, wa Muheza. Nilipokwenda New York kumtembelea dada yangu, ombi langu la kwanza lilikuwa anipeleke kanisani. Kule Waanglikana huitwa Waepiskopali, lakini ibada ukiifuata hujioni mgeni.

Tulishuka kituo cha treni cha Fulton Street, tukapanda ngazi, na mara tukaliona upande wa pili wa Broadway: kanisa la mawe, si kubwa, maghorofa yamelizunguka kila upande. Lilifunguliwa mwaka 1766. Miaka 10 baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, pamoja na Trinity, kanisa mama lililo chini kidogo kwenye barabara hiyo hiyo. Hili liliponea kwa watu kupokezana ndoo za maji. George Washington alisali hapa siku alipoapishwa kuwa rais, tarehe 30 Aprili 1789. Kiingilio hakuna.

Nenda mkakae, msipite tu. Ndani kuna mwanga wa kutosha na taa za vioo zinazoning'inia, na kelele za magari zinabaki nje kabisa. Nyuma kuna makaburi ya zamani, mawe yamelika hata majina hayasomeki, na ukivuka barabara tu ndipo ilipoanguka minara ya Septemba 11, 2001. Kanisa halikuvunjika hata kioo. Mti mkubwa wa uani ndio uliopigwa na vifusi ukang'oka. Kwa karibu miezi 9 zimamoto na wachimba vifusi walikula hapa, wakalala hapa, na wenye miguu iliyochubuka walitibiwa kwenye kiti kile kile cha Washington. Kwangu mimi hilo limekitukuza kiti hicho kuliko rais aliyekikalia.

Sasa niseme lililoniuma. Siku ile tulikuwa tumelipia matembezi ya kuongozwa. Kiongozi alieleza vizuri habari za majenerali na mabenki, akatuaga Wall Street, basi. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono: "Twende juu kidogo, kuna watu wetu." Tukarudi na Broadway, tukapita bustani ya City Hall, mwendo wa kama dakika 10, hadi Duane Street.

Mwaka 1697 halmashauri ya Trinity, parokia ambayo St. Paul's ni kanisa lake, ilipiga marufuku watu weusi kuzikwa katika uwanja wake. Wakawazika wafu wao nje ya mji wa wakati ule, hapo Duane Street. Mji ukakua, ukajengwa juu yao, wakasahauliwa mpaka 1991, wajenzi walipochimba msingi wa jengo la serikali wakakuta mifupa. Walifukuliwa 419, wakazikwa upya mwaka 2003. Wanaokadiriwa kuzikwa eneo lote ni kama 15,000. Leo pana mnara wa kumbukumbu wa mawe meusi, na matuta 7 ya nyasi walipolala wale waliorudishwa. Kuna pia makumbusho katika jengo la Broadway namba 290. Mlangoni mnakaguliwa kama uwanja wa ndege, kwa hiyo msibebe mizigo.

Humo ndimo niliposoma habari za mwanamke mmoja aliyezikwa na shanga kiunoni, shanga za vioo na kauri. Jina lake halijulikani. Bibi yetu mzaa mama hakuzivua zake mpaka alipofariki. Waliomwosha ndio waliotuambia. Tulisimama pale na dada yangu muda mrefu, hakuna aliyesema neno. Sijui mwanamke yule alitoka pwani gani ya Afrika, ila aliyemvisha shanga zile, au aliyekataa kumvua, alijua anachokifanya.

Kanisa nalipa nyota tano, na mtaa wake vilevile. Matembezi yale nayapa mbili. Ushauri wangu: mkienda, geuzeni safari. Anzeni Duane Street asubuhi, kabla hamjachoka, halafu teremkeni na Broadway mkaingie St. Paul's. Kaeni viti vya nyuma. Sisi tulirudi jioni ile ile, dada akapiga magoti, nami nikawasalia wale 419 pamoja na yule wa shanga.