Kisu cha springi ya lori, baada ya kile cha komando kuniaibisha Lushoto

Kisu changu cha kwanza cha kambini kilikuwa cha komando, chenye dira kwenye kitako cha mpini. Ukikifungua kitako unakuta sindano, uzi wa kuvulia samaki na njiti nne za kiberiti. Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno. Nilikinunua Dar es Salaam kwa shilingi 25,000, na kwa wiki nzima kila nikirudi kazini nilikitoa nikitazame tu. Mtoto mwenye gari jipya la kuchezea ana nafuu.

Kilivunjika usiku wa kwanza. Tulikuwa Lushoto, upande wa msitu wa Magamba, na ile mvua ya Usambara ambayo hainyeshi kwa nguvu wala haikatiki. Kuni tulizouziwa na mama mmoja njiani zilikuwa zimelowa hadi magome yanateleza. Dawa ya kuni iliyolowa ni kuipasua, maana maji ya mvua hayafiki moyoni. Unasimamisha kipande, unalaza makali ya kisu juu yake, unagonga mgongo wa kisu kwa gongo mpaka ukuni uachie. Niligonga mara nne. Mara ya tano ubapa ukabaki ndani ya ukuni, mpini ukabaki mkononi mwangu, na dira bado inaonesha kaskazini. Wenzangu walicheka hadi mchele ukaungua juu ya jiko la gesi.

Asubuhi nikachungulia nione vilikuwa vimeshikana kwa kitu gani. Ubapa uliishia kwenye kijino chenye urefu wa pingili moja ya kidole, kimekazwa kwa nati ndani ya mpini ulio wazi kama bomba. Hicho kijino ndicho msuka, ile sehemu ya jembe au kisu inayozama kwenye mpini. Mkulima yeyote anajua jembe lenye msuka mbovu halimalizi tuta. Mimi nimekulia Moshi, jembe nimeshika tangu darasa la tatu, lakini nilipoona dira nikasahau yote.

Tangu hapo mtu akiniuzia kisu siangalii makali kwanza. Makali yananoleka. Nauliza msuka unaishia wapi.

Nilikwenda Mamba, karibu na Marangu. Wahunzi wa huko wanafua mikuki na visu tangu enzi za mababu, na Wamasai ni wateja wao wa siku nyingi. Nikamkuta mzee mmoja kakaa kando ya moto, kijana anavuta mivukuto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka cha kuchinjia au cha shamba?"

"Cha kambini."

"Kambi ya nini tena, mwanangu? Vita si imeisha?"

Nikamweleza. Akaniletea sime ya kuuza, nzuri kweli kweli, na nusura niichukue. Lakini sime ina makali pande zote mbili, kwa hiyo haina mgongo wa kugonga wala mahali pa kuwekea kidole gumba unapochonga. Kwa kazi yake haina mpinzani, kwa kupasulia kuni haifai. Mzee alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akachomoa jani la springi ya lori kwenye rundo la vyuma chakavu, akaligonga kwa nyundo nisikie linavyolia. Springi ni chuma kilichozoea kupinda na kurudi, ndiyo maana wahunzi wanaipenda.

Nilirudi siku ya pili kwa makusudi nione anavyokizima. Kisu kilitoka motoni chekundu, akakizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, moshi ukatanda. Nikadhani kazi imekwisha. Hapana. Chuma kikiwa hivyo ni kigumu lakini kikidondoka kwenye jiwe kinaweza kuvunjika kama kigae. Akakisugua upande mmoja mpaka ukang'aa, akakirudisha karibu na makaa, mbali kidogo na moto wenyewe, akawa anautazama ule mng'ao. Ukaanza kugeuka rangi ya nyasi kavu, kisha ukaelekea kahawia. Akakitoa papo hapo. Kikiachwa mpaka kiwe bluu, aliniambia, kinakuwa laini na makali hayakai.

Nililipa shilingi 35,000. Ubapa una urefu wa sentimita 12 na unene wa milimita 5 mgongoni. Msuka ni mpana na unapita mpini mzima hadi kitakoni, umebanwa na vipande viwili vya mti wa loliondo kwa misumari mitatu ya shaba. Ukikitazama kwa juu unaona chuma katikati, mti huku na huku. Ndani hamna pa kuficha sindano.

Nina mwaka wa tatu nacho. Nimepasulia kuni Magamba tena (nilirudi na wale wale waliocheka), nimekitumia Ziwa Chala, nimechongea mambo (vigingi) za hema baada ya za chuma kusahaulika nyumbani. Mgongo wake niliusawazisha kwa tupa hadi pembe zikawa kali, sasa unakwangua fimbo ya cheche, ile ya kuwashia moto, vizuri. Hakijalegea popote.

Lakini kuna mambo ya kuvumilia. Ni kizito, kinakaribia gramu 330, kiunoni unakisikia. Kwa unene ule hakikati nyanya, kinaiponda. Kutu ndiyo kesi kubwa zaidi. Nilikiacha kwenye ala ya ngozi iliyolowa kwa siku mbili tu, nikakikuta na madoa ya rangi ya chungwa, kosa langu mwenyewe. Ngozi inatunza maji. Siku hizi kikiisha kazi nakifuta, nakipaka mafuta ya nazi kidogo, na nyumbani kinalala nje ya ala. Ukikatia limao kinageuka kijivu, na hiyo si kutu, ni chuma kuota ngozi yake.

Rafiki ninayepanda naye milima ana kisu kiitwacho Garberg cha kampuni ya Morakniv, kutoka mji wa Mora, Uswidi, ambako wenyewe wanahesabu ufuaji wao wa visu tangu 1891. Ubapa wake una urefu wa milimita 109 na unene wa 3.2, chuma ni cha aina ya 14C28N kisichoshika kutu kirahisi, na msuka unafika mwisho wa mpini. Nimekitumia, na nikisema changu kinakata kama kile nitakuwa mwongo. Kinachonifurahisha zaidi ni kunoa kwake. Mteremko wa makali ni mmoja, mpana, unaulaza wote juu ya kinoo na unasukuma, hata anayeanza leo hakosei pembe. Ila kwa bei yake huku kwetu ningeagiza visu kadhaa Mamba.

Ndugu yake mdogo, Companion, ana unene wa milimita 2.5 na msuka usiofika kitakoni. Kama hupasui kuni, kinakutosha kabisa. Na wengi hampasui. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro kuni zimepigwa marufuku, watu wanapikia gesi, sasa kisu cha milimita 5 unapanda nacho cha nini? Mimi nikienda kule nabeba kidogo cha kukatia kamba na mkate. Na ukisafiri kwa ndege, kisu chochote kiende kwenye begi la kukabidhi, usije ukamwachia askari wa ukaguzi zawadi.

Ile dira ya kisu cha komando niliing'oa, nikaifunga kwenye ala ya kisu cha springi. Haifai tena kwa safari. Kila nikiitazama, mshale umegeukia kwenye kisu.