Kutoa keshi ya milioni moja katika benki za Kenya: kikomo hakipo, fomu ipo

Ukisimama kwenye foleni ya benki jijini Nairobi, hutakosa mtu wa kukuambia kuwa serikali imepiga marufuku kutoa zaidi ya shilingi milioni moja kwa siku. Haijapiga. Hakuna sheria ya Kenya inayoweka kiwango cha juu cha keshi unachoweza kutoa au kuweka katika akaunti yako. Kilichopo ni sharti la Benki Kuu: keshi ikifika milioni moja, iwe inaingia au inatoka, benki ikuulize imetoka wapi, inakwenda wapi, nani atafaidika nayo, na kwa nini usitumie njia nyingine. Ukijibu kwa ushahidi, unapewa pesa zako. Tunachopima hapa ni jinsi maswali hayo yanavyoulizwa kaunta, pamoja na njia mbadala ambazo mhudumu atakusukumia: RTGS (kuhamisha kiasi kikubwa kutoka benki moja hadi nyingine), PesaLink (kutuma pesa papo hapo kati ya benki) na M-Pesa. Kaunta tunaipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Ingepata nne kama kila tawi lingefuata kilichoandikwa.

Viwango ni viwili, na wahudumu wenyewe huvichanganya. Cha kwanza ni hiyo milioni moja ya Benki Kuu, inayohusu maswali na karatasi. Cha pili kinatokana na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka 2009: muamala wa keshi unaozidi dola 15,000 au thamani yake lazima benki iuripoti kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, kile watu wa benki hukiita FRC. Kabla ya marekebisho ya 2023 kiwango hicho kilikuwa dola 10,000. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha takriban shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama milioni 1.94. Kwa hiyo anayetoa milioni 1.2 anajaza fomu ya benki, lakini muamala wake hauendi FRC kwa sababu ya ukubwa peke yake. Utaenda tu kama benki imeona jambo la kutia shaka, na shaka haina kiwango. Hata laki mbili zinaweza kuripotiwa.

Kazi yenyewe huanza siku moja kabla. Tawi la kawaida haliweki noti nyingi kuliko linavyohitaji, kwa sababu bima ya hazina ina mpaka wake na gari la kusafirisha fedha huagizwa mapema. Pigia tawi simu asubuhi ya siku ya kwanza, taja kiasi kamili na aina ya noti. Milioni moja kwa noti za elfu ni bunda kumi za noti mia mia; ukitaka za mia mbili ni bunda hamsini, na tawi dogo halitakuwa nazo. Muulize aliyepokea simu jina lake na uliandike. Kesho yake atakuwa kwenye chakula cha mchana, na aliyepo atakuambia hajui lolote.

Beba kitambulisho halisi, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na karatasi inayoeleza malipo. Unalipa fundi wa ujenzi? Mkataba wa kazi na makadirio ya vifaa. Unanunua gari? Mkataba wa mauziano, nakala ya kitabu cha gari na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Kampuni inayomlipa msambazaji ilete ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, na hapo kuna sababu ya ziada: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa kwa misamaha michache. Ankara hiyo moja inakufaa benki na kwa KRA.

Fomu haitishi kuisoma, ila ina mtego mmoja unaorudisha watu wengi nyumbani. Kwenye nafasi ya madhumuni, mteja huandika "biashara" au "matumizi binafsi". Fomu hiyo haimalizi dakika mbili mezani kwa meneja. Andika kama unavyomweleza karani wa mahakama: "Kununua ng'ombe 20 soko la Garissa, kila mmoja shilingi 60,000, jumla 1,200,000, kulipa wauzaji wanne." Kwenye swali la kwa nini keshi, usijibu "ni rahisi". Jibu linalokubalika ni la hali halisi: wauzaji hawana akaunti za benki, au malipo yanagawanywa papo hapo kwa wafugaji wengi baada ya mapatano.

Baada ya hapo huja idhini ya meneja, na hapa ndipo huduma inapochechemea. Hakuna muda uliowekwa wa kusubiri. Tawi moja linaidhinisha kabla hujamaliza kunywa maji. Lingine la benki ileile linatuma karatasi makao makuu na kukuacha kwenye kiti hadi saa tisa. Kinacholeta kikwazo mara nyingi ni sura ya akaunti kuliko kiasi chenyewe. Akaunti inayopokea mshahara wa elfu sitini kwa mwezi, kisha ikaingiwa na milioni tatu Jumatatu na mwenyewe akazitaka zote keshi Jumanne, itasimamishwa na mfumo kabla ya mhudumu kufungua mdomo. Dawa ni kupeleka karatasi pesa zinapoingia. Usingoje zinapotoka.

Wengi hukimbilia ujanja wa kugawanya: 990,000 leo, 990,000 kesho, au watu watatu wa nyumba moja kila mmoja na laki tano. Huu ndio ushauri mbaya kuliko wote unaozunguka mitaani. Mfumo wa benki hujumlisha miamala inayofanana, na kugawanya ni miongoni mwa dalili za kwanza ambazo afisa wa uzingatiaji sheria hufundishwa kuzitambua. Ambaye angejaza fomu ya kawaida na kuondoka sasa anaandikiwa ripoti ya muamala wa kutia shaka, na mhudumu haruhusiwi kumwambia, kwani kumdokezea mteja ni kosa la jinai. Ndiyo maana mhudumu aliyekuwa mchangamfu wiki jana leo anaangalia saa yake. Kumbukumbu za muamala huhifadhiwa angalau miaka saba.

Kuweka keshi ni kugumu zaidi ya kutoa, jambo linalowashangaza wanaodhani benki hupenda kupokea. Aliyeuza gari alete mkataba na ushahidi wa kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka inayosajili magari. Mfanyabiashara wa mifugo alete kibali cha kusafirisha wanyama pamoja na risiti za soko. Chama cha kuweka akiba kilete kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi na orodha ya michango. Pesa za matanga au harambee nazo zina orodha yake; lile daftari la mweka hazina lenye majina na kiasi linakubalika katika matawi mengi likiambatana na barua ya kamati. Asiye na karatasi yoyote, aliyeweka akiba chini ya godoro miaka kumi, ndiye anayeumia. Mwaka 2019 noti za zamani za elfu moja zilipoondolewa, kati ya tarehe 1 Juni na 30 Septemba, aliyebadilisha zaidi ya milioni tano alihitaji idhini ya Benki Kuu, na mwishowe noti za takriban shilingi bilioni 7.4 hazikurudi kabisa. Si zote zilikuwa za wezi.

Sasa njia mbadala. RTGS ndiyo bora kwa kiasi kikubwa na tunaipa nyota nne na nusu. Mfumo wake, KEPSS, ulianza 2005, na tangu Oktoba 2009 hundi ya milioni moja na zaidi haipiti kwenye jumba la ubadilishanaji hundi kati ya benki, kwa hiyo anayekuandikia hundi ya milioni mbili ya benki nyingine anakupa karatasi ya kufungia maandazi. RTGS hufika siku hiyohiyo na ikishafika hairudishwi kwa matakwa ya aliyetuma, jambo linalompa muuza shamba usingizi. Ada ni mamia machache ya shilingi. Linaloharibika ni dogo na la kuudhi: jina la mpokeaji lisilolingana na namba ya akaunti. "Wanjiku Enterprises" na "Wanjiku Enterprises Limited" ni akaunti mbili tofauti machoni mwa benki, na pesa zinaweza kukaa hewani siku mbili kabla ya kurudi. Mwombe mpokeaji picha ya sehemu ya juu ya taarifa yake ya benki, unakili herufi kwa herufi. Usitume Ijumaa jioni. Mwishoni mwa wiki na sikukuu haifanyi kazi.

PesaLink, mali ya benki zenyewe kupitia chama chao, hufanya kazi saa ishirini na nne na hubeba hadi shilingi 999,999 kwa muamala mmoja. Benki yako inaweza kuwa imeweka kikomo chake cha chini ya hapo, kwa hiyo angalia kwenye programu kabla ya kumwahidi mtu. Tuma kwa namba ya akaunti, maana namba ya simu inataka mpokeaji awe amejisajili. Pesa zikikatwa na mpokeaji asizione, usitume mara ya pili. Subiri taarifa ya akaunti ionyeshe kama muamala umerudishwa. Kutuma mara mbili kwa haraka ndiko kunakozaa zile kesi za "nirudishie" zisizoisha. Nyota nne.

M-Pesa kwa kazi hii ni msaada tu. Kikomo ni 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku, na akaunti ya mpokeaji nayo haishiki zaidi ya 500,000. Zile milioni 1.2 za ng'ombe, zikienda kwa mtu mmoja, ni miamala mitano ya shilingi 108 kila mmoja, yaani 540, kwa siku tatu. Mpokeaji akitaka kutoa kwa wakala, kila 250,000 humgharimu 309, kama wakala ana keshi ya kutosha, na sokoni mchana mara nyingi hana. Ila ukiwalipa wauzaji wanne 300,000 kila mmoja, na wewe na mwenzako mnatuma kutoka laini mbili zilizosajiliwa kwa majina yenu, inawezekana ndani ya siku mbili. Nyota tatu.

Kuhusu uhuru wa mtu na pesa zake, Kenya kwa maandishi ni huru kuliko nchi nyingi. Ufaransa, mkazi hawezi kumlipa mfanyabiashara keshi inayozidi yuro 1,000. Ugiriki ni 500. Na kuanzia Julai 2027 Umoja wa Ulaya wote utakuwa na kikomo cha yuro 10,000 katika malipo ya kibiashara, huku kila nchi ikiruhusiwa kuweka cha chini zaidi. Huko kulipa keshi kupita kikomo tu ni kosa. Hapa unaulizwa, na kuulizwa si kunyang'anywa. Historia nayo inaeleza maswali yalikotoka: yalikazwa mwanzoni mwa 2016, baada ya sakata la shilingi milioni 791 la NYS, shirika la serikali la huduma ya vijana kwa taifa, ambapo fedha za umma zilitoka benki kwa keshi bila mtu kuuliza. Na tangu Februari 2024, Kenya ilipoingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, yaani ya nchi zinazofuatiliwa na chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, hakuna meneja wa tawi anayetaka jina lake liwe kwenye faili lisilo na karatasi.

Kasoro yetu kubwa ni mahali mstari ulipochorwa. Mwanzoni mwa 2016, dola ikiwa karibu shilingi 102, milioni moja ilikuwa takriban dola 9,800, yaani karibu sawa na kiwango cha kuripoti cha wakati huo. Leo ni kama dola 7,750, huku kiwango cha kuripoti kikipanda hadi 15,000. Kimoja kimeteremka bila mtu kukigusa, kingine kimepandishwa kwa sheria, na katikati yake wamebanwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wachinjaji na wanunuzi wa mahindi, ambao muamala wao wa kawaida wa siku ya soko sasa unahitaji maelezo kama wa tajiri. Kiwango cha maswali kingekaa milioni mbili, foleni ya meneja ingepungua na FRC isingepoteza ripoti hata moja ya ukubwa.

Jambo la mwisho la huduma hii ambalo matawi mengi hayakuelezi: fomu unayojaza ina taarifa zako na za unayemlipa, na chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 una haki ya kuziona taarifa zinazokuhusu. Omba nakala kabla ya kuondoka. Itakusaidia tawi lingine likikuuliza mwezi ujao. Ukikataliwa bila sababu, omba sababu kwa maandishi, peleka malalamiko makao makuu ya benki, kisha Benki Kuu. Na noti zikishatoka, zihesabiwe kwa mashine mbele yako, kila bunda, utepe ukiwa umeng'olewa. Ukishatoka kaunta, bunda lenye noti 98 ni lako.