Upanga wa kikapu wa Kiskoti: kabla hujalipa, pima mkono

Mwanangu alioa hapa Glasgow akiwa amevaa kilti, ile sketi ya kiume ya Waskoti, ya tartani (kitambaa cha miraba) ya ukoo wa mkewe, na upanga wa kikapu, ule wenye kizimba cha chuma kuzunguka mpini, ubavuni kushoto, ukining'inia kwa mkanda wa begani. Upanga niliununua mimi. Kwetu Lamu bwana harusi hutoka na joho na jambia kiunoni, nikasema kijana wangu hatavaa vazi la watu nusunusu. Nililipa pauni 240, nikangoja wiki tatu, ukaja unang'aa kama kioo.

Mpiga picha akamwambia auchomoe. Mkono ukaingia ndani ya kikapu hadi kwenye vifundo vya vidole, ukakwama. Akausukuma, ukapita kwa nguvu. Alipotaka kuutoa, pau za chuma zikamchuna ngozi ya kidole gumba, na tone la damu likadondokea lesi nyeupe ya shati. Shangazi yake alikuja mbio na leso. Lile shati ninalo mpaka leo, doa halijatoka.

Tangu hapo nimenunua panga nyingine nne za namna hiyo, na kila ninapoulizwa na Waswahili wenzangu wa huku, ambao watoto wao wanaoa na kuolewa na Waskoti, nawajibu kitu kimoja. Msiniulize urefu, msiniulize chuma gani. Hayo muuzaji atawaambia bila kuombwa: bapa la sentimita 80 na kitu, uzito kilo moja na ushei, makali pande mbili. Ulizeni nafasi ya ndani ya kikapu. Hiyo haandiki mtu.

Kwa asiyeujua upanga wenyewe: mpini umezungukwa na kitu kama dema dogo la chuma, pau na vibamba vilivyotobolewa alama za mioyo na duara, ili mkono usikatwe. Ndio upanga wa watu wa milimani wa Uskoti waliopigana kwenye vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Mafundi wa vikapu waliosifika ni kina Walter Allan wa Stirling na John Simpson wa Glasgow. Mabapa mengi yalitoka Ujerumani, mji wa Solingen. Madukani wanauita claymore, lakini kwa Kigaeli, lugha ya watu hao wa milimani, claidheamh mòr ni upanga mkubwa tu, na jina hilo hilo linabebwa na ule wa kushikwa kwa mikono miwili. Ukiagiza kwa jina peke yake unaweza kuletewa dude la kukupita kifuani.

Sasa kikapu. Cha zamani kilikuwa na bitana ndani, ngozi iliyofunikwa kitambaa, aghalabu chekundu. Watengenezaji wengi wa leo wanaiga umbo la nje vizuri kabisa, halafu wanatia bitana nene, halafu mpini mnene kuliko inavyotakiwa. Kila kimoja kinakula nusu sentimita. Mwisho mkono wa mtu mzima unabaki umebanwa baina ya mpini na pau, na kidole gumba hakina pa kukaa. Angalia pia urefu wa mpini. Ukiwa mfupi, ngumi inabanwa kati ya bapa na kile kirungu cha chuma mwishoni mwa mpini, na ukikunja kiwiko ukingo wa kikapu unakuchoma kwenye mshipa wa mkono.

Pima hivi. Kunja ngumi kama umeshika mchi, kidole gumba juu ya cha shahada. Pima upana wa ngumi kwenye vifundo, kisha unene kutoka mgongo wa mkono hadi ncha za vidole. Mwanangu ana upana wa sentimita 11, mimi 9. Ongeza sentimita 2 kila upande, na kama atavaa glavu ongeza tena. Kisha mwombe muuzaji picha ya kikapu kwa ndani, rula ikiwa imewekwa. Ukiweza kuushika dukani, ingiza mkono, funga ngumi, zungusha kifundo cha mkono kushoto na kulia. Kidole gumba kikigusa chuma hata mara moja, urudishe.

Ninaoupenda mimi, na sifichi, ni wa Armour Class, mafundi wa huku huku upande wa Glasgow. Wanatengeneza kwa mkono na ni kwa oda. Mara ya kwanza niliushika wa jirani yetu anayeigiza vita vya zamani, mwanamume mwenye viganja kama makasia. Mkono wake uliingia, na wangu ukaingia, na wote wawili tulifunga ngumi bila kugusa pau. Nilisimama pale uani kwake naufungua na kuufunga mkono kama mtoto aliyepewa bangili. Nao umetengenezwa kugonganishwa na upanga mwenzake mwaka mzima, si wa kutundikwa. Bei ni kubwa na utangoja. Kama harusi ni mwezi ujao, azima. Usikimbilie kununua mwingine.

Wa pili kwangu si wa kuiga hata kidogo. Ni upanga wa afisa wa vikosi vya Kiskoti, mtindo wa 1828, ambao maafisa wao wanaubeba kwenye gwaride hadi leo. Za enzi ya Malkia Victoria hutokea minadani, na mara nyingine kwa bei isiyotofautiana sana na mpya nzuri. Ukiona jina la mtengenezaji Wilkinson wa London, tafuta namba karibu na mpini, kwa sababu namba hiyo yaweza kukuonyesha ulitengenezwa lini. Wangu mpini wake umevikwa ngozi ya taa, samaki yule yule tunayemjua pwani, na vijiwe vyake vidogo bado vinakwaruza kiganja vizuri, haviachi mkono uteleze. Bitana imeliwa na nondo. Sikuigusa, na nafasi ndani ikaongezeka! Ila huu usiugonganishe na kitu. Paka mafuta mepesi, futa alama za vidole kila baada ya kuushika, na usiulaze ndani ya ala ya ngozi miezi na miezi, maana ngozi hushika unyevu na kutu huanzia humo.

Hanwei wa China ni wa tatu. Ule nilioupima ulimtosha mwanangu bila glavu, na ndio anaovaa sasa. Windlass wa Dehradun, India, nao wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1943 na pambo lao ni zuri. Omba vipimo vya ndani kama kwa mwingine yeyote.

Zile za bei ya chini, za chuma cha pua, ni za ukutani. Msuka wake, ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ni mwembamba kama msumari na umechomelewa. Usiuzungushe mbele ya watu.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Yule aliyeniuzia ule wa harusi nilimwandikia kabla ya kulipa, nikamuuliza kama mkono mkubwa utaingia. Akajibu kwamba unatosha mikono mingi. Nilipotaka kuurudisha akasema umeshavaliwa, na gharama ya kuusafirisha ni juu yangu. Wasafirishaji wawili wakaukataa kwa kuwa ni silaha. Baada ya hapo niliomba picha ya ndani kwa wauzaji sita. Wawili ndio walioleta. Mmoja wa hao alipiga kwa simu mezani kwake, rula ya mtoto wa shule ndani ya kikapu, picha imepinda, na kwa picha hiyo moja nilijua ninachotaka kujua. Kwa nini wengine wanne wanashindwa, na kitu wanauza kwa mamia ya pauni?

Kuhusu kuvaa: sheria ya Uskoti ya 1995 inakataza kutembea hadharani na kitu chenye makali, lakini inatambua vazi la taifa kuwa utetezi, ndiyo maana utaona kile kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, kwenye kila harusi. Upanga mwenyewe tunaubeba umefungwa ndani ya blanketi kwenye buti la gari, tunauvaa ukumbini, tunaurudisha garini kabla watu hawajaanza kuondoka. Kwenye ndege usithubutu kuingia nao ndani, hata kile kisu. Vyote vinawekwa kwenye sanduku la chini, baada ya kuwauliza shirika la ndege kwa maandishi.

Mdogo wake mwanangu anaoa mwakani. Ngumi yake ni sentimita 10 na nusu, nimeshaipima, na oda nimeshaiweka.