Kitufe cha Nyota kwenye Baofeng UV-5R: Mlikuwa Mnanificha Nini?

Wadau, habari za huko mliko. Hapa ni Moshi, na mlima leo umejifunika wingu mpaka miguuni, kwa hiyo ile mandhari niliyowaahidi nyuma yangu haipo. Msininunie.

Mezani nina Baofeng UV-5R. Najua, najua! Mtasema simu ya upepo ya kizamani hiyo, mpaka walinzi wa mageti wanayo. Ndiyo maana sigusi habari za wati, tochi wala betri, mmeshazisikia mpaka mmechoka. Nimeirudia kwa sababu ya kitufe kimoja tu. Hiki hapa, cha nyota, kimeandikwa SCAN. Miaka miwili ninayo hii redio nikidhani kazi yake ni kusaka masafa, basi. Kumbe kusaka ni pale unapokishikilia. Ukikigusa mara moja tu ukaachia, kinageuza: unasikiliza pale unaporushia, unarusha pale unaposikilizia. Subirini muone.

Kwa mgeni wa chaneli, haraka haraka. Ripita ni redio iliyowekwa juu, inakusikia kwenye masafa moja na papo hapo inakurusha kwenye masafa mengine. Haya mawimbi ya mita 2, ndiyo haya ya megahezi mia na arobaini na kitu, yanataka antena zionane, hayapandi mlima. Sisi mjini hapa hatufiki hata mita 1,000, Kibo ina 5,895, halafu mjomba wako yuko Rombo, kule ubavu wa mashariki. Utaita mpaka sauti ikauke. Na yule mdau wa Lushoto aliyeuliza wiki jana kuhusu kuwafikia watu wa upande wa pili wa milima, ni hadithi ileile: mtu wa Mombo na mtu wa Maramba kule upande wa pwani wana Usambara nzima katikati yao. Ripita ikikaa juu ukingoni, wote wawili wanaiona.

Haya, tuseme ripita inasikika megahezi 145.600 na yenyewe inasikiliza 145.000. Huo ni mfano, wewe weka za kwako. Bonyeza kile cha rangi ya machungwa, VFO/MR, mpaka yule dada wa sauti ndani ya redio aseme kwa Kiingereza chake upo kwenye masafa. (Akikukera, menyu ya 14, mzime.) Andika 145.600. Menyu 25, chagua alama ya kutoa, maana unarusha chini ya unaposikiliza. Menyu 26, ile tofauti ya masafa mawili, weka 600 (kilohezi), na hapa kaa macho! Kioo kisome sufuri, nukta, ndipo 600. Watu wanaandika 6-0-0 wanaondoka, redio inaelewa kitu kingine kabisa, halafu wanakuja kwenye maoni kuniambia ripita imekufa. Haijafa, hujaifikia. Mwisho menyu ya 13, ile toni ya chini ya kufungulia mlango. Mimi naweka 88.5. Bila toni sahihi, ripita nyingi zitakusikia na kukunyamazia, kama mama mkwe.

Sasa raha yenyewe. Shemeji yuko nje kwenye migomba na UV-5R ya pili, nimeipanga sawa na hii, zote nguvu ya chini. Hatuna ripita hapa, na hilo ndilo ninalolitaka. Shemeji, ongea!

Sikilizeni... Kimya. Redio yangu inasubiri 145.600, shemeji anarusha 145.000. Tunapishana mlangoni. Sasa nagusa nyota...

Aa, nimekishikilia sana, imeanza kusaka. Mnaona? Ndivyo ilivyonidanganya miaka miwili. Naizima. Nagusa, naachia. Angalieni juu ya kioo, imetokea R ndogo, ya "reverse", sasa nasikiliza 145.000. Shemeji, tena!

"...mbwa wa jirani amekuja huku, nifanyeje?"

Haaa! Mmesikia? Huyo ni yeye mwenyewe, moja kwa moja, hakuna mlima wala ripita. Maana yake ni hivi: uko hewani kupitia ripita unaongea na mtu wa Kibosho, zamu yake ikifika unagusa nyota. Ukimsikia vizuri hivi, huhitaji ripita! Hameni, tafuteni masafa yenu ya kawaida, muachieni ripita mtu wa Rombo asiye na njia nyingine. Usipomsikia, gusa tena urudi. Lakini nakuomba, R ikiwa kiooni usibonyeze kitufe cha kuongea, utakuwa unarusha kule ripita inakotokea na haitakusikia.

Mtaniuliza kuhusu mshindani wake, redio ya Quansheng UV-K5. Inachaji kwa Type-C, na mafundi wa programu wameifumua wanavyotaka. Ningekuwa naanza leo labda ningechukua hiyo... hapana, hii nimeizoea, na vipuri vyake vimejaa. Mimi yangu ya pili nimeipata kwa 75,000, Mangi alianzia 110,000, nikamwambia nimeona kwingine kwa 70,000. Sikuwa nimeona kokote. Usinunue yenye kava limelegea kwenye betri.

Na leseni, jamani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Alama yako ya kujitambulisha hewani inaanza na 5H, unajitaja kwa hiyo, siyo "oya oya kuna mtu?" Madereva wa watalii wana masafa yao ya kampuni, redio hii inaweza kuyafikia kabisa, usiyaguse. Aliyeniandikia kwamba anataka kuwachokoza waongoza wapanda mlima, nimekufuta.

Video ijayo ni ya antena ya fimbo ya shaba, nikipata bomba. Ile ya betri za sola nimeiahirisha, mvua...

"Shemeji, huyu mbwa hatoki."

Ingia ndani, ingia! Na uzime hiyo redio, bado umebonyeza.