Huduma ya Kutambua Umri wa Matoazi ya Zamani kwa Picha: Makini kwenye Shaba, Pungufu kwenye Vifaa vya Dramu

Huduma ninayoitathmini hapa hupokea picha na vipimo vya matoazi na vifaa vya dramu vya zamani, kisha humpa mteja ripoti ya maandishi inayoeleza kila kifaa kilitengenezwa wapi na katika kipindi gani. Niliwatumia toazi la kampuni ya Zildjian (aina ya A. Zildjian) la inchi 20, toazi la kampuni ya Paiste la modeli iitwayo 2002, sneya (dramu ndogo yenye nyuzi upande wa chini) ya mbao ya kampuni ya Ludwig, na pedali ya Ludwig iitwayo Speed King, ya kupigia dramu kubwa kwa mguu, na majibu yaliyorudi hayakuwa ya kiwango kimoja.

Sehemu ya Zildjian ndiyo bora. Toazi hilo halikuwa na maandishi yoyote ya wino, ila chapa iliyogongwa kwenye shaba, na aliyeniuzia alikuwa amelinadi kuwa ni la miaka ya 1950 kwa sababu hiyo pekee. Mtathmini wa huduma hiyo alikataa hoja hiyo: nembo kubwa za wino zilianza kweli mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini wino hufutika toazi linapong'arishwa mara kwa mara, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi lolote. Akaomba picha ya chapa iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, rula ikiwa imelazwa kando yake, pamoja na uzito kwa gramu na picha ya nundu ya katikati. Kwa kulinganisha urefu wa chapa, nafasi iliyopo kati ya maandishi ya Kiosmani na jina la kampuni lililo chini yake, alama za nyundo na mistari ya ukerezaji, alifikia miaka ya 1960, akaandika wazi kwamba hawezi kutaja mwaka mmoja. Nauthamini sana uungwana huo, kwani chapa ya leza ya kampuni hiyo ilikuja mwaka 1994, na anayekutajia mwaka kamili wa toazi la Zildjian la enzi hizo anabahatisha tu. Aligundua pia kwamba tundu la katikati limelika upande mmoja kwa kusuguana na chuma cha stendi, kasoro inayoshusha bei bila kugusa suala la umri.

Paiste haikuwa na ugumu. Katika miaka ya 1970 namba zao za mfululizo zilizogongwa kwenye toazi zilikuwa na tarakimu sita, na ya kwanza ilikuwa tarakimu ya mwisho ya mwaka. Namba yangu inaanza na 5, basi ni 1975.

Tatizo liko kwenye vifaa vya dramu. Kwa sneya, ripoti ilichukua namba iliyo kwenye beji, ikaitafuta kwenye jedwali na kutamka mwaka mmoja kana kwamba shauri limekwisha. Ludwig walianza kuweka namba mwishoni mwa 1963 au karibu na hapo, na beji zilichukuliwa bila kufuata mpangilio wa namba, kiasi kwamba dramu mbili zilizotengenezwa pamoja zinaweza kuwa na namba zilizoachana mno. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni tarehe iliyogongwa kwa wino mwekundu ndani ya mwili wa dramu, na hakuna aliyeniomba picha ya ndani. Nilipoivua ngozi niliikuta, imefifia lakini inasomeka, nayo haikubaliani na ripoti. Humo ndani yalionekana pia matundu mawili yaliyozibwa, dalili kwamba kifaa cha kukazia nyuzi za chini kimewahi kubadilishwa.

Pedali ilipewa umri uleule wa sneya, nadhani kwa kuwa zilisafiri katika kifurushi kimoja cha picha. Kwenye bamba la kukanyagia mna herufi WFL, jina la kampuni ambayo William F. Ludwig aliianzisha mwaka 1937 na kulitumia hadi aliporejeshewa jina la Ludwig mwaka 1955, kwa hiyo pedali ni ya zamani kuliko sneya yenye namba. Vifaa vinavyofungwa kwa skrubu huhama kutoka seti moja kwenda nyingine, hivyo pedali haiwezi kuwa shahidi wa umri wa dramu, wala dramu wa pedali.

Nilipolalamika, walirekebisha maelezo ya sneya bila malipo ya ziada, lakini ya pedali yamebaki vilevile. Mwenye toazi la Zildjian asisite kuwatumia. Mwenye dramu awapelekee picha za ndani hata kama hawajaziomba, na adai kila kifaa kielezwe peke yake.