Uzoefu wangu: nimefungiwa kamshafti ya rola bila batani, halafu naambiwa mkono wangu unatetemeka

Naandika nikiwa bado na hasira kwaiyo mnivumilie. Nakaa Texas, nina pikapu Chevrolet C10 ya 1978, injini 350. Habari za nguvu na ulaji wa mafuta mtazitafuta wenyewe, mi nina kitu kimoja tu cha kusema, kidude kidogo kinachoenea kwenye kiganja, kinaitwa batani, kazi yake ni kuizuia kamshafti isitembee mbele, bei yake haifiki hata ya kujaza tangi, na hakikufungwa.

Kamshafti, ile shafti yenye nundu zinazofungua vali, ya zamani ilikuwa ya tapeti bapa (tapeti ni kipande kinachokaa juu ya nundu), nundu moja ikaliwa kabisa. Oili za siku hizi zinki imepunguzwa, kamshafti za aina ile zinapata tabu. Nikasema sirudii, safari hii naweka ya rola, tapeti zake zina kigurudumu. Kuchonga bloki na kufunga injini nzima nikawapa gereji moja hapa mjini, jina nalihifadhi kwanza. Wamekaa nayo wiki kadhaa, siku wanaiwasha nyumbani kwangu mlio ulikuwa mzuri mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kusikiliza. Siku ile mngeniuliza ningewapa nyota zote tano na chai juu.

Haukupita muda ikaanza tik tik tik mbele, ikiwa sailensi tu, yaani inanguruma bila kukanyagwa, ukikanyaga mafuta inapotea, ukiachia inarudi. Nikachukua taa ya taimingi, ile inayomulika alama kwenye puli kuonyesha cheche inapiga wakati gani. Nimeset digrii 12, lakini alama haikai, inaenda 9, inarudi 14, inaenda tena. Nikakagua distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, vispringi vya ndani vizima. Cheni inayozungusha kamshafti ni mpya, haiwezi kuwa imelegea mapema hivyo. Basi nikawarudia.

Kijana wa kaunta, umri wa mwanangu wa kwanza, hata boneti hakufungua. Akaniambia, "Mzee, taa ile inataka mkono uliotulia, wako unatetemeka." Wenzie wawili wakacheka. Jamani. Mi nimeanza kushika spana mtaa wa Gerezani pale Dar sijaota hata ndevu, kwa mjomba wangu, taimingi tulikuwa tunaset kwa masikio kabla hiyo taa sijawahi kuiona. Niliondoka bila kujibu maana ningejibu pale pangeharibika. Mpaka leo nikiwa naendesha peke yangu kile kicheko kinanirudia.

Nikafungua mwenyewe. Nimetoa pampu ya maji, nimetoa puli, kava ya taimingi, inayofunika cheni na giya mbele ya injini, ikaja mkononi, nikaigeuza. Ndani kuna duara linang'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga, vichwa vya bolti tatu za giya ya kamshafti vimekuwa vikilamba bati muda wote huo, na chini kuna unga wa chuma kwenye oili. Nikachokonoa giya kwa bisibisi, kamshafti ikaja mbele kama droo. Nikapima, milimita mbili na ushee. Inatakiwa icheze 0.13 mpaka 0.25 tu!

Kwa ambao hawajawahi kukutana na hili: kamshafti ya tapeti bapa nundu zake zimechongwa na mshazari kidogo sana, na tapeti uso wake una tumbo kidogo, kwaiyo tapeti inazunguka na hapohapo inaisukuma kamshafti nyuma, giya inaegemea bloki. Inajishika yenyewe. Ya rola haina mshazari, rola inapita juu ya nundu iliyonyooka, hakuna cha kuirudisha nyuma, inatembea mbele na nyuma inavyotaka. Na giya inayozungusha distribyuta meno yake yamelala, sasa kamshafti ikitembea mbele na distribyuta inazunguka kidogo, taimingi inahama. Ndio ile alama niliyokuwa naiona. Mkono haukuhusika.

Injini za Chevrolet zilizotoka na rola kiwandani kuanzia 1987 zina kibati nyuma ya giya, bolti mbili, kinaishika kamshafti. Bloki yangu ya 1978 haina hata matundu ya kukifunga. Kwenye bloki kama hii unaweka batani katikati ya giya, inaegemea kava kwa ndani, na kava yenyewe iwe ngumu, maana ile ya bati ikisukumwa inabonyea, unakuwa umefunga batani ya bure. Labda vijana wale wamezoea bloki mpya, sijui, nataka niwatendee haki. Ila giya ya distribyuta walikumbuka kunibadilishia, wameweka ya bronzi ili isiliwe na kamshafti ya chuma, ni sahihi kabisa, sasa mtu anayekumbuka hilo anasahauje batani? Hapo ndipo nilipozidi kuchemka.

Nikaweka kava kwenye mfuko wa plastiki nikawapelekea. Kijana yuleyule. Akaichungulia akasema batani ni mambo ya magari ya mashindano, na gari ikishatoka getini haiwahusu tena. Nilipandisha sauti, sikatai, watu wakageuka.

Akatoka mzee mmoja wa nyuma, wa mashine za kuchonga, ana mikono myeusi ya oili mpaka kwenye viwiko. Akachukua ile kava, akapitisha kidole kwenye lile duara, akamwangalia kijana, akaniambia tu, "Njoo Jumamosi asubuhi." Akanielekeza mwenyewe bila kuchukua hata senti. Kamshafti inasukumwa nyuma mpaka mwisho, unapachika udongo wa kuchezea watoto mbele ya batani, unafunga kava na gasketi yake unakaza, unafungua tena, unapima unene wa udongo. Ikibana unapunguza batani, ikilegea unaongeza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia. Ikibana sana inajila, ikilegea umerudi kulekule. Na bolti za giya zina kibati cha kukunja kingo ili zisijifungue, nacho hakikuwepo kwenye yangu, mzee alipojua hilo akatikisa kichwa akanyamaza muda mrefu.

Kwaiyo nyota ngapi? Kuchonga silinda, kazi ya yule mzee, safi, sijaona moshi wala oili kupungua. Nilikuwa nimeandika tatu. Nikasema nne kwa ajili yake. Lakini naandika hapa nakumbuka mi nilitoka na unga wa chuma kwenye oili ya injini mpya, nikamwaga oili mara mbili na kubadili filta mara mbili kwa hela yangu, na mtu akanicheka mbele ya watu kwa kosa lake yeye. Moja. Nabaki na moja. Mzee wa mashine akihama pale nitamfuata aendako, gereji yenyewe sirudi.

Na wewe ukipeleka bloki ya zamani kufungwa kamshafti ya rola, kabla hawajarudisha kava waambie wakupigie simu uje uone batani kwa macho yako na wakuonyeshe kipimo.

Sasa hivi nimeweka kava nene ya aluminiamu, batani ya beringi, mchezo milimita 0.18. Tik tik hakuna. Nimerekodi video ya ile alama ikiwa imesimama palepale kwenye 12, taa nimeishika mwenyewe, nikamtumia kijana wa kaunta pamoja na risiti za kava, gasketi na oili. Ameiangalia. Hajajibu, na hela yangu bado naidai.