Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: nyota tatu

Riba hamna kabisa, hapo nawapa maua yao, ukilinganisha na kausha damu za huku mtaani, ile mikopo ya riba kubwa, ni mbingu na ardhi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawanywa hivi: vikundi vya wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ikasimamishwa 2023 ikarudi 2024, ila mzunguko ni uleule, mara katiba ya kikundi, mara andiko la mradi, mara afisa kaenda semina, njoo Jumatatu. Kinachoniudhi zaidi wakipima mafanikio wanahesabu zile hundi za bango za kupigia picha tu, hakuna anayekuja kuuliza cherehani zilizonunuliwa kwa mkopo bado zinashona au watu washauza wakagawana. Mama lishe wa kwetu wamerejesha na sasa wanapikia saiti mbili za ujenzi, mbona hao hawaandikwi popote?